Ukiweka Shilingi, Nao Wakiweka Shilingi

Matinyani,
Jumamosi jioni

Kyalo mwanangu,

Umetoka kwenda kijiji cha Tulia kumuaga nyanya yako, na ninavyomjua hatakuachilia kabla hujala na kushiba. Basi nimepata nafasi ya kukaa mezani peke yangu nikuandikie haya, maana nikikuambia kwa mdomo utanikatiza. Habari ya blanketi na baridi ya Kericho shangazi yako amekwisha kusema ya kutosha. Habari ya kanisa pasta atakuambia kesho akikuombea kabla hujaondoka. Mimi nataka turudi kwa lile neno ulilolisema Jumatano tukiwa tunakula.

Ulisema hao watu wa kiwanda cha majani chai wana mfuko wa akiba ya uzeeni. Kila mwezi watakukata kidogo kwenye mshahara, na kampuni nayo itatoa kiasi hicho hicho mfukoni mwake iongeze juu. Kisha ukacheka, ukasema, "Mimi watanipa zangu zote mkononi. Nani amewahi kupewa pesa bure na tajiri?" Baba yako alikutazama, akarudi kwenye sahani yake. Mimi nilisikia sauti yake ya miaka ile ikitoka kinywani mwako.

Sikulaumu kwa kushuku. Katika nyumba hii kushuku si jambo geni, tena kulikuja kwa haki. Lakini hujui kulitoka wapi, kwa sababu baba yako hajawahi kukusimulia, na mimi nimekuwa nikingoja akusimulie mwenyewe. Nimechoka kungoja.

Kabla hujazaliwa, Muli baba yako alifanya kazi kwa kontrakta wa barabara huko upande wa Makueni. Walikuwa vijana wengi kutoka huku kwetu, wakilala kwenye mahema, wakivunja mawe. Kila mwisho wa mwezi kontrakta yule aliwakata pesa na kuwaambia, "Hizi nawawekea. Mkimaliza barabara, kila mtu ataenda nyumbani na ng'ombe." Waliona mambo. Waliona magari yakipungua kambini. Waliona mpishi akiacha kununua nyama, na msimamizi akipeleka mke wake kwao. Kila mmoja alishuku moyoni mwake na hakuna aliyefungua mdomo, maana anayeuliza sana huachishwa kazi. Asubuhi moja wakaamka, hema la kontrakta halipo. Yalikuwa yamebaki mafiga na majivu. Baba yako alirudi hapa kwa miguu akiwa na shuka moja na karai. Hakuwahi kumwona mtu yule tena, wala hizo pesa.

Sasa mwelewe. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwambia, wewe ukiwa ungali mgongoni mwangu, kwamba kiwandani kwetu kumeletwa mfuko wa akiba.

Nilikuwa nimeajiriwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Sisi wanawake tulikuwa tunatoa takataka kwenye pamba kabla haijaingia kwenye mashine, na jioni tulitoka tumekuwa weupe nywele na kope kama wazee. Siku hiyo ofisa wa wafanyakazi, Bwana Mutua, alitukusanya uani. Alikuwa Mkamba mwenzetu, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku za vumbi. Akapanda juu ya robota la pamba akasema, "Ukiweka shilingi, kampuni itaweka shilingi juu yake. Pesa hizo hazikai hapa. Zinakaa Nairobi kwa wadhamini, watu ambao si wa kampuni, na kila mwaka zinazaa faida. Utazichukua ukizeeka, au ukiacha kazi."

Wanawake wakacheka. Rafiki yangu Syokau, aliyekuwa akikaa karibu yangu kwenye meza ya pamba, akasema kwa sauti, "Bwana Mutua, huyo tajiri amelala akaamka anatupenda?"

"Si mapenzi," Mutua akamjibu. "Anataka mkae. Akifundisha mtu kazi halafu mtu akaenda, yeye anapata hasara. Ndiyo maana shilingi zake zina masharti. Ukiondoka kabla ya ile miaka waliyoweka, unachukua zako na faida yake. Za kampuni zinabaki."

Unaona, jambo hilo ndilo lililonifanya nimsikilize. Angesema tajiri ametuhurumia, ningerudi kwenye pamba yangu. Lakini alituonyesha tajiri anapata nini, na mtu akikuonyesha upande wake unaweza angalau kuanza kupima.

Bado sikuamini. Nilikaa wiki kadhaa nikiwachungulia wakubwa. Nikagundua makarani wote wameshaingia kwenye huo mfuko. Mutua ameingia. Hata fundi mkuu wa mashine, yule ambaye hakuwa akimkopesha mtu hata kiberiti, ameingia. Nikajiuliza, kama ni mtego, mbona hawa wametangulia kuweka mguu? Watu wengi huona wakubwa wakikimbilia kitu wakasema ni chao hao, hakituhusu. Mimi niliwashuku kwa namna nyingine. Nilishuku kwamba kuna kitu kizuri wanakila wenyewe. Nikaenda nikaweka kidole gumba, maana wakati huo sikuwa nimeingia ngumbaru na sikujua kuandika jina langu.

Nilimwambia baba yako baada ya kuweka kidole. Akasema, "Kesho ukitoe." Nikasema sawa. Sikukitoa.

Mwisho wa mwezi mshahara ukapungua. Si sana, lakini katika nyumba kama yetu hata bei ya sabuni ilijulikana. Baba yako akaniuliza pesa nyingine zimeenda wapi. Nikamkumbusha. Hakuamini kwamba ni hilo tu. Alianza kuuliza nilipita wapi nikitoka kazini, na ni nani niliyekuwa nikizungumza naye langoni. Mwezi uliofuata, siku ya malipo, nikatoka na kumkuta amesimama langoni na kofia yake ya kanisani, anamngojea Mutua.

"Wewe ndiye unakata pesa za mke wangu?"

"Kampuni ndiyo inakata, Baba Kyalo. Mwenyewe alikubali."

"Na wewe unapata nini?"

"Mimi? Mimi pia nakatwa. Akiba yangu iko hapo hapo na ya mama huyu."

"Kontrakta wangu alisema hivyo hivyo," baba yako akasema. "Alisema hata zake ziko humo." Kisha akanigeukia mbele ya watu wote. "Mama Kyalo, rudi ndani uwaambie unatoka."

Wanawake wote walikuwa wamesimama. Syokau alikuwa ananitazama. Wewe ulikuwa unalia mgongoni. Nikasema, "Hapana. Sitoki." Nilikuwa sijawahi kumwambia baba yako hapana mahali ambapo watu wanasikia. Alivaa kofia yake akaenda. Kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa akiwaita wale wadhamini "mabwana zako wa Nairobi." Chumvi ikiisha nyumbani angesema, "Waombe mabwana zako." Nilikuwa nacheka ili nisilie. Na nikuambie ukweli, kila alipotania hivyo nilipata hofu, kwa sababu sikuwa nimewaona watu hao kwa macho yangu. Mwisho wa kila mwaka Mutua alituita mmoja mmoja na kutusomea zetu ni ngapi, za kampuni ni ngapi, faida ni ngapi. Nilikuwa nasikia namba zikikua kama mtu anayeambiwa habari za mtoto aliye mbali.

Kisha ikaja ile njaa. Ulikuwa mkubwa kidogo, sijui unakumbuka nini. Watu wetu waliipa jina la Nikw'a Ngwete, nakufa nimeshika, kwa sababu ulikuwa na pesa mkononi na dukani hakuna kitu cha kununua. Tulikula yale mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, siku yakipatikana. Kunde zilikauka zikiwa maua. Miguu yako ilikuwa myembamba hata nilikuwa sipendi kukuogesha mchana.

Wakati huo wengi waliacha kazi ili wapewe akiba yao. Hakukuwa na njia nyingine ya kuipata. Syokau alikuwa na watoto wanne na hana mume. Alikuja kwangu akasema, "Mimi natoka. Hizo za kampuni wabaki nazo. Watoto hawali faida." Nilimwambia imebaki miaka michache apate zote. Akaniuliza, "Na wewe unajua watakuwepo hiyo miaka?" Sikujua. Alitoka, akachukua zake, akanunua mahindi kwa bei ya wizi. Pesa zikaisha kabla mvua hazijarudi. Lakini watoto wake walikula, Kyalo.

Baba yako naye alinibana. Sikumlaumu. Alikuwa anaenda soko la Kwa Vonza kubeba mizigo ya wenye maduka, anarudi na kibaba cha unga kimefungwa kwenye leso. Jioni moja alikuweka mbele yangu, akakuinua shati, akasema, "Mtazame huyu. Halafu uniambie habari za uzee." Hakuwa na ukali. Ingekuwa ni ukali ningejua la kumjibu. Asubuhi nilienda kazini, kwa sababu huo mshahara mdogo ndio uliokuwa ukituingizia angalau kitu, na nikitoka ungekatika. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na akili au nilikuwa na bahati. Ungekufa, barua hii isingekuwepo, na hakuna mtu ambaye angenisifu kwamba nilijua kuweka akiba. Nakuambia ili usije ukadhani waliotoka walikuwa wajinga.

Mvua zilirudi. Pamba haikurudi vizuri. Wenye kiwanda waliuza, akaja tajiri mwingine ambaye hatukuwa tukimwona. Mutua akaachishwa kazi. Mshahara ukaanza kuchelewa, lakini kukatwa hakukuchelewa hata mwezi mmoja. Mwaka ukaisha, hakuna aliyetuita kutusomea chochote. Nikauliza ofisini. Karani mpya akaniambia, "Mama, mambo yanatengenezwa."

Aliyenusa kwanza ni baba yako. Alikuwa anakarabati zizi, akaniuliza bila kuniangalia, "Hao mabwana zako wa Nairobi, mwaka huu wamesema ngapi?"

"Hawajasema."

Akaweka nyundo chini. "Mafuta ya gari la kiwanda wananunua?"

"Gari liliuzwa."

Kisha akasema neno ambalo sijawahi kulisahau. "Mimi kule kambini niliona kila kitu. Nilijua kushuku tu. Sikujua kwenda kuuliza. Vaa viatu."

Tulienda Kwa Vonza kumtafuta Mutua. Alikuwa amefungua kibanda cha misumari na mabati, na shati lake bado limepigwa pasi. Nilidhani baba yako atamrukia. Alimsalimia, akakaa kwenye debe, akamwuliza wadhamini wanapatikana wapi. Mutua akatueleza jengo, ghorofa, na mtu wa kumtafuta. Akasema, "Mimi nimeogopa kwenda, Baba Kyalo. Zangu pia ziko huko, na nimeogopa kusikia." Baba yako akamwangalia sana. Nafikiri ndiyo siku aliyomwamini kwamba hakuwa mwizi.

Baba yako aliuza mbuzi tukapata nauli. Katika ofisi ile ya Nairobi msichana wa mapokezi alitwambia tungoje, tukangoja, akatwambia turudi kesho. Baba yako akavua kofia akaiweka magotini. "Hatuna pa kulala, mama," akamwambia kwa upole. "Tutangoja hapa hapa." Watu wakaenda kula wakarudi. Mwishowe akatoka bwana mmoja, akatuingiza ndani, akafuatilia jina langu. Akaniambia zangu za miaka yote ya nyuma zipo, na za kampuni zipo, na faida ipo. Lakini tangu tajiri mpya alipoingia hawajapokea hata senti. Si zake, wala zetu alizokuwa akitukata.

Niliona baba yako amefumba macho. Halafu akauliza, kwa Kiswahili chake cha barabarani, "Na nyinyi mlikuwa mnangoja nini kutuambia?" Yule bwana akasema waliandikia kampuni. Baba yako akasema, "Mngetuandikia sisi."

Tuliporudi nilisimama uani, nikawaambia wenzangu nilichosikia. Sikupanda juu ya robota. Hayakuwepo tena mengi ya kupanda. Tuligoma, wanawake kwa wanaume, na wengine tukaenda ofisi ya kazi ya serikali pale Kitui mjini tukapeleka malalamiko. Wadhamini nao, kwa kuona tumejua, wakaanza kumbana tajiri. Ilichukua muda mrefu. Alilipa zile alizotukata. Zile alizotakiwa kuongeza yeye alilipa sehemu, kisha kiwanda kikafungwa, na sehemu iliyobaki sijawahi kuiona na sitaiona.

Lakini nilikuwa nimepitisha miaka ile waliyoweka. Nilipoenda Nairobi kuchukua, nilipewa zangu, na za kampuni, na faida ya zote mbili, na faida iliyozaliwa na faida. Za kampuni na faida zilishinda kwa mbali zile nilizozitolea jasho mwenyewe. Nililiangalia jambo hilo kwa mashaka hata nikiwa nimeshika pesa. Nikamwomba yule bwana arudie kuhesabu. Alirudia, zikawa zile zile.

Ada yako ya chuo haikutoka kwa ng'ombe wa baba yako kama unavyowaambia watu. Ng'ombe walilipa muhula mmoja. Tangi la maji unaloliona nyuma ya jikoni na ada iliyobaki vilitoka huko. Na Syokau, ambaye unamwona akija kutuchumia kunde, akilipwa kibarua katika shamba letu, alikuwa na mikono myepesi kuliko mimi kwenye ile pamba. Siku moja aliniambia, "Ningejua." Nikamjibu, "Hata mimi sikujua." Hatujazungumza jambo hilo tena.

Kwa hiyo, mwanangu, siwezi kukuapia kwamba hao watu wa chai ni wazuri. Siwajui. Pengine mwenye kampuni ya leo ni mwaminifu na wa kesho ataiuza kwa mtu mwingine kama wetu. Ukiniuliza nitakuambia washuku, tena sana. Ila ukikataa mfuko, shilingi yao inabaki kwao bila wao kufanya kazi yoyote ya kukuibia. Umewaachia mwenyewe. Ingia, halafu uwe mtu wa kuwasumbua. Jua ni miaka mingapi hata zao ziwe zako. Jua nani anazishika, na kama ni wale wale wa kampuni, uulize mara mbili. Mwaka ukiisha na hujaambiwa kitu, usingoje kuona gari limeuzwa. Watakuita mjuaji. Mimi waliniita.

Baba yako ameingia sasa hivi kutoka zizini. Ameuliza ninaandika nini kirefu namna hii, nimemsomea yote, mpaka habari za kontrakta. Nilidhani atakasirika. Amekaa kwenye kiti chako, amekuna goti lake, akasema, "Hapo kwa kofia umeongeza. Haikuwa ya kanisani." Kisha, nilipotaka kukunja karatasi, akanizuia. Amesema niandike hivi, neno kwa neno: "Akifika, kabla ya kutia sahihi, aombe ruhusa siku moja aende akaione kwa macho yake ofisi ya hao wanaoshika akiba, ajue mlango wake ni upi. Nauli ya kwenda na kurudi nitampa mimi."

Mama yako anayekupenda,
Kalondu